Niliuza Cherehani ya Mke Wangu kwa Wivu wa Shemeji

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini, naishi peke yangu Kihonda. Haya yalinikuta enzi za Ujamaa, nikiwa mkulima wa ndizi Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu.

Sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito. Hilo nililijua. Lakini hata kicheko cha mwanangu nacho kiwe cha mjomba?

Shemeji yangu Kosmasi alikuwa dereva wa mzungu mjini Morogoro. Mzungu alipoondoka akamwachia televisheni na mashine ya kuchezea michezo. Deo wangu, miaka kumi na mmoja, alikwenda huko likizo... akarudi hana habari nyingine. Mjomba hivi, mjomba vile! Wivu ulinishika.

Mara nikasikia mtu wa Mkuyuni anauza mashine kama ile. Bei yake? Sawa na cherehani nzima! Siku tatu nilijiuliza: kweli kitu cha kuchezea kina thamani hiyo, na sukari yenyewe tunaipangia foleni?

Mke wangu akasema, "Baba Deo, usishindane na kaka. Mchezo hauliwi."

Kaka, kaka, kila siku kaka! Alipokwenda msibani nikabeba cherehani yake, iliyokuwa ikitulisha, nikaibadilisha na mashine. Muuzaji alisema inatumia betri. Nikajua ni kama redio...

Nikatia betri. Taa nyekundu ikawaka. Basi! Nikaigeuza, nikaipiga kofi. Deo akaniambia taratibu, "Baba, hii inachomekwa kwenye televisheni."

Televisheni! Kijiji kizima hakikuwa nayo hata moja, wala umeme.

Mke wangu aliporudi akakuta cherehani haipo. Akamwita kaka yake. Kosmasi akaniambia kwa heshima zote, "Shemeji, ardhi hii ni ya ukoo wetu. Chukua jembe lako, uende kwenu." Deo akaondoka naye kwenda mjini... mashine ile kwapani!

Miaka baadaye nilimuuliza Deo mchezo ule ulikuwa na utamu gani.

"Hata siukumbuki vizuri, baba. Nakumbuka mjomba alikuwa anakaa mkekani na mimi, namfunga, tunacheka. Wewe hukuwahi kukaa."

Nililia jamani!

Akina baba wenzangu, nawasihi, mkiona mtoto anampenda mtu mwingine, msikimbilie kununua. Muulizeni anataka nini. Mimi nilimkodolea macho Kosmasi tu... mwanangu sikumuuliza hata mara moja.