Mtaa Ulioitwa Shika Pochi

Kila asubuhi Clotilda alianza kazi kwa kelele. Alitoa sufuria zake dukani, akazipanga barazani, kubwa chini, ndogo juu. Baraza likijaa, alizipanga hata nje ya nguzo, mpaka ukingoni mwa mtaro. Alikuwa mwanamke wa Rombo, mchapakazi, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Asiyeonekana hauzi," alimwambia mumewe, Tarsis.

Hapo ni Mtaa wa Mdalasini, Kariakoo, hatua chache kutoka Msimbazi. Jirani wa kushoto, Filbert, aliuza magodoro. Clotilda akisogea nje hatua moja, Filbert alisogea mbili. Clotilda naye hakukubali kushindwa. Mwishowe wapita njia wakakosa pa kupita. Walitembea barabarani, wakibanana na pikipiki na mikokoteni. Na penye kubanana, vibaka hawakosi. Basi watu wakaupa mtaa jina jipya: Shika Pochi. Jina baya halihitaji kupigiwa tarumbeta. Lilifika Buguruni, likafika Posta, na wateja wakapungua.

Tarsis akapata wazo. Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa, alipiga picha za mtaa mtupu, umefagiliwa, unapendeza. Akaziweka mtandaoni: "Karibuni Mdalasini, mtaa wa kisasa!"

Kweli, mteja alikuja. Bi Kuruthumu, mfanyabiashara wa Lindi, alishuka na mkoba wake, akatazama kulia na kushoto.

"Samahani, kaka. Natafuta Mtaa wa Mdalasini."

"Ndiyo huu, karibu sana!" alisema Tarsis.

"Huu?" Bi Kuruthumu aliukumbatia mkoba wake. "Na ule wa kwenye picha uko wapi?"

Hakununua hata mfuniko.

Siku mbili baadaye, Mama Vivek alimwita Clotilda. Jina lake hasa ni Anjana. Aliuza vitambaa, nyuzi na vifungo katika duka la kulia, ambalo lilifunguliwa na baba mkwe wake. Clotilda alimpenda kama mama mzazi. Alipofika mjini mara ya kwanza, hana hata stuli ya kukalia, Mama Vivek ndiye aliyemletea chai na kumbebea mtoto.

"Shikamoo, Mama Vivek."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mwezi wa sita nafunga duka. Vivek atakuja kunichukua, nikaishi naye Arusha."

Clotilda alivuta stuli karibu. "Kwa nini? Umechoka?"

"Sijachoka. Wateja wangu ni wazee wenzangu. Magoti yao hayawezi kuruka sufuria."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mwaka juzi. Ukacheka, ukanipa sufuria."

Clotilda aliona aibu kubwa. Kumbe wateja wa mama huyu alikuwa amewafukuza yeye, kwa mikono yake mwenyewe. Kesho yake alirudisha sufuria zote nyuma ya nguzo. Hata saa nne haijafika, magodoro ya Filbert yalikuwa yamelala mahali palepale.

"We Filbert! Nimepisha watu, sijakupisha wewe!"

"Nafasi ilikuwa wazi, dada. Mi nifanyeje?"

Badria, afisa maendeleo ya jamii wa kata, alikuwa akipita. Aliwasikiliza wote wawili. Hakumkemea mtu.

"Dada Clotilda, umefanya vizuri, ila umefanya peke yako," alisema. "Mmoja akirudi nyuma, jirani anajaza pengo. Mnatakiwa mrudi wote, siku moja, mstari mmoja."

"Tukirudi nyuma nani atatuona?" aliuliza Filbert.

"Kwani sasa hivi nani anakuona? Mtu anayekimbia huku ameshika pochi hatazami magodoro. Mpe pa kupita, atatembea polepole. Akitembea polepole, ataangalia. Akiangalia, ataingia. Waliojenga mabaraza haya walitaka mteja apate kivuli. Hawakujenga stoo."

Filbert alijikuna kichwa.

"Na jina letu baya je?" aliuliza Tarsis. "Mimi nilishaweka picha."

Badria alicheka. "Kaka, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukitangaza kisichokuwepo, anayekuja anaondoka na hasira, halafu anawasimulia wenzake. Tengenezeni mtaa kwanza. Picha baadaye."

Jumatatu wenye maduka ishirini na wawili walikutana kwa Mama Vivek. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubaliana. Mstari wa njano utachorwa sambamba na nguzo, na hakuna bidhaa itakayouvuka. Mtaro utazibuliwa kila Jumamosi. Kila duka litawasha taa ya barazani jioni. Jovitha, muuza karanga, hakufukuzwa. Alipewa nafasi yake kati ya nguzo mbili. Na brashi ya rangi aliishika Clotilda.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza godoro moja lilichungulia nje ya mstari, Clotilda akalirudisha kwa teke. Wiki ya pili Filbert alikuta sufuria imevuka, akamletea Clotilda dukani, meno yote nje. Lakini njia ilibaki wazi. Watu wakaanza kupita kivulini. Vibaka walikosa pa kujibanza, wakahama. Tarsis alipiga picha nyingine, safari hii saa tano mchana, watu tele. Alimtumia Bi Kuruthumu, akamwomba radhi kwa zile za kwanza. Mama yule akaja tena, na akaondoka na sufuria dazeni sita.

Mwezi wa sita Vivek alifika kutoka Arusha na maboksi matupu. Clotilda alipomwona, aliacha sufuria zake. Akamfuata mpaka dukani kwa mama yake. Ndani hapakuwa na pa kusimama. Bibi mmoja mwenye mkongojo alikuwa akipapasa kitambaa cha buluu. Nyuma yake mafundi cherehani wanne walingoja zamu.

"Mama, nimekuja kukuchukua," alisema Vivek.

"Karibu, mwanangu. Shika mkasi. Bibi huyu anataka mita tatu."

Vivek alimgeukia Clotilda, boksi mkononi, asielewe. Clotilda alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mita tatu, Vivek," alirudia Mama Vivek. "Na usikate upande."

Vivek aliweka boksi chini, akachukua mkasi.