Kompyuta Namba Saba na Picha ya Guku

Hii hutaiamini. Hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilisema, acheni uongo wenu. Lakini ilitokea hapa hapa Bariadi, mchana kweupe: mwalimu aliyependwa na shule nzima aliondolewa kazini kwa sababu ya picha ya babu wa mtu. Tena babu mwenyewe alishafariki! Tulia usikie.

Mwenye babu ni Nyanjige, msichana wa Kidato cha Kwanza, anakaa Somanda na mama yake, Monika. Kila asubuhi, wenzake wakishika fagio, yeye alifungua chumba cha kompyuta, akafuta vumbi na kuwasha mashine moja moja. Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Elia, kijana aliyekuwa anajitolea kufundisha kompyuta. Elia ndiye aliyeziunganisha zote kwa waya mpaka kwenye kompyuta kubwa ya ofisini kwake. Hiyo kubwa ndiyo ilikuwa inatoa amri, na amri iliyowaudhi wanafunzi wote ilikuwa hii: hakuna kuchomeka flashi. Ukichomeka tu, skrini inakuandikia: Umezuiwa na msimamizi.

"Ni kama ng'ombe wa nyumbani," aliwaeleza darasani. "Kompyuta zote nimeziweka kwenye zizi moja, na zizi lina sheria yake. Sasa flashi zenu zinashinda steshenari, zinachomekwa kila mashine ya mjini, zimejaa virusi. Nikiruhusu moja iingie, wanaugua wote."

"Sasa sir, nyimbo za mahafali tutaletaje?" akauliza Flora, yule asiyekosa neno.

"Imba mwenyewe, Flora."

"Nikiimba mimi, sir, wageni rasmi watakimbia!"

Darasa likaangua kicheko.

Nywila ya msimamizi aliijua Elia peke yake. Na Nyanjige. Alimpa siku moja alipokwenda Maswa, ili umeme ukikatika na kurudi, aingie kwenye ile kubwa na kuiwasha upya. "Kuwasha tu," alimwambia. "Kingine usiguse, mdogo wangu. Mkuu wa shule ameniambia chumba hiki kikienda vizuri mpaka tunafunga, bodi itanipa mkataba. Nakutegemea."

Basi. Guku akafariki kule Lalago.

Guku ni babu, kwa wasioelewa Kisukuma. Mazishi yalikuwa Jumapili mchana. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mama akakumbuka kwamba hakuna picha ya kubeba mbele ya jeneza. Iliyokuwepo ilikuwa kwenye flashi ya mjomba, aliyowekewa na mpiga picha wa harusi. Steshenari zote zimefungwa, watu wako kanisani.

"Baba yangu atazikwa bila picha?" Mama alikaa chini pale uani, kanga mdomoni. "Watu watasema mzee hakuwa na watoto. Nyanjige, huko shuleni kwenu si kuna printa? Nenda, ng'wanone, mwanangu, nenda nakuomba."

Nyanjige alimpigia Elia. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akachukua ufunguo.

Ofisini aliingia kwenye ile kompyuta kubwa kwa nywila aliyopewa. Kwenye skrini akaona zizi la mwalimu limepangwa vizuri, kompyuta namba moja hadi ya mwisho. Akaishika namba saba kwa kipanya, akaiburuta nje ya zizi. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani! Akaenda kuiwasha upya hiyo saba, akachomeka flashi, ikakubali. Picha ya guku ikatoka kwenye printa, kofia kichwani, anacheka. Nje mjomba ameshapiga honi ya pikipiki. Nyanjige akafunga chumba, akakimbia.

Guku alizikwa kwa heshima. Picha ilitangulia mbele, mama akalia kilio cha mtu aliyeridhika.

Lakini namba saba ilibaki nje ya zizi.

Jumatatu alipofika, mwalimu alishakaa kwenye kiti chake. Nyanjige akasimama mlangoni, amejipanga kumwambia yote. Elia akanyanyua kichwa.

"Pole na msiba, Nyanjige. Ulitaka kusema kitu?"

"Hapana, sir. Nakusalimia tu."

Nitairudisha mwenyewe akitoka, alijiambia. Elia hakutoka. Mapumziko yalipofika, Flora alishagundua.

"Jamani, saba inakula flashi! Njooni!"

Wakapanga foleni. Kila mtu na flashi yake, nyimbo, sinema, hadi vichekesho. Kufikia Jumanne Elia amepata habari, na hapo ndipo hadithi inapouma. Alituma amri upya kutoka kwenye ile kubwa. Kompyuta nyingine zikatii, saba ikagoma. Akaizima, akaiwasha. Akabadilisha waya. Akalala chini ya meza na shati lake jeupe, anafuatilia nyaya. Na nani alimshikia tochi? Nyanjige!

"Sielewi," Elia alisema kutoka kule chini. "Amri inafika kwa wote, kwa hii haifiki. Nyanjige, we hukuona mtu akichezea?"

Nyanjige akageuzia tochi ukutani.

"Hapana, sir."

"Basi itakuwa mashine yenyewe. We nakuamini."

Jumatano asubuhi virusi vilikuwa vimeshapita kwenye waya. Kazi za mradi za Kidato cha Nne, zilizotakiwa kukusanywa wiki ile, ziligeuka alama tupu zisizofunguka. Wanafunzi wakubwa walilia kama watoto wadogo. Mkuu wa shule, Mwalimu Januarius, akaja na hasira zake mbele ya wote.

"Mwalimu Elia! Nani mwingine ana nywila ya mtambo huu?"

Elia hakumtaja mtu, ila macho yake yalimwangukia Nyanjige, na Nyanjige akajua kwamba sasa mwalimu ameelewa.

"Ni mimi, mkuu," akasema, machozi yanamtoka. "Niliitoa saba nikachapa picha ya babu. Sir hana kosa!"

Alidhani anamwokoa. Mkuu wa shule akamgeukia Elia taratibu.

"Kwa hiyo ulimpa mtoto wa Kidato cha Kwanza mamlaka ya mtambo mzima wa shule?"

"Nilimpa, mkuu."

"Basi hakuna mkataba wa kupeleka kwa bodi. Ijumaa ukabidhi funguo."

Mama Monika alikwenda ofisini kuomba, akapiga magoti kabisa. Akaambiwa uamuzi umeshatoka.

Elia hakuondoka kwa hasira. Alirudisha saba zizini, akasafisha mashine zote, akarudisha kazi za wanafunzi kutoka kwenye nakala aliyokuwa ameihifadhi. Za siku za karibuni hazikupatikana, wakaziandika upya kwa mkono unaouma. Ijumaa akakabidhi funguo. Nyanjige alimfuata mpaka getini.

"Nisamehe, sir."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize, maana sitakuwepo kukwambia tena." Aliweka begi chini. "Simu yangu ingekuwa hewani, picha ya babu yako ningeichapa mwenyewe, hata usiku. Ungeniambia Jumatatu, ningerudisha saba kabla hata chai haijapoa, na mimi na wewe tungebaki tunacheka. Ulikosea Jumapili kwa kumpenda mama yako, hilo naelewa. Ila Jumanne uliniacha nigaegae chini natafuta kitu ulichokificha wewe. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, bado kosa ni dogo. Ukweli wako ulikuja, Nyanjige, ila ulikuja wakati hauna wa kumsaidia."

Akapanda bodaboda. Hakugeuka.

Nyanjige bado anasoma pale. Siku hizi akikosea anasema hapo hapo, hata kabla hajaulizwa, mpaka Flora anamtania. Lakini kompyuta hawasomi tena. Hakuna wa kuwafundisha.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma mpaka hapa. Mama yako analia uani, simu ya mwalimu imezimwa, ufunguo uko mkononi mwako. Halafu Jumatatu mwalimu ananyanyua kichwa na kukuuliza kama una la kusema. Wewe ungefanyaje?