Niliita Bila Jina

Jioni ile nilikwenda hospitali kuchukua vitu vya mke wangu: chupa ya chai, mkeka na ndara zake. Muuguzi alikuwa amenipigia simu tena. Vitu vilikuwa bado chini ya kitanda, na kitanda kilikuwa kimeshapata mgonjwa mwingine.

Casiana alikuwa ameshazikwa. Maombolezo yalikuwa yamekwisha, na masufuria ya majirani nilikuwa nimeyarudisha. Nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Asubuhi ya siku hiyo mchungaji Eliezer alikuwa amepita nyumbani. Nilimfundisha fizikia chuoni kabla hajaingia kwenye uchungaji, na mpaka leo ananiita Mwalimu.

"Mwalimu, Jumapili utuongozee sala. Wewe ni mzee wa kanisa. Watu wanauliza."

"Sala zangu sijui zinakwenda wapi, Eliezer. Nitawaongozaje wengine?"

"Mashaka si dhambi. Mpelekee Bwana."

"Nimempelekea. Swali langu ni moja tu. Casiana yuko mahali fulani? Sijaomba arudi. Nimeuliza tu kama yupo."

Aliigeuzageuza kofia yake mikononi. "Na?"

"Na ninyi mnaniambia nisubiri."

Sala moja tu ilikuwa imenibakia, ile ya mezani, nayo kwa mazoea. Nilizoea kusali kwa urefu, na Casiana alizoea kunikatiza. Ningali katikati ya sala, yeye husema, "Amina. Wali unapoa," akachukua kijiko. Hilo tulilijua sisi wawili peke yetu. Mbele za watu aliinamisha kichwa kama malaika.

Basi, nikaenda hospitali.

Kwetu Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, watu wakiondoka mahali huita roho zao. Ukitoka mtoni, shambani au kwenye nyumba ya ugeni, unalitaja jina lako au la mtoto wako, kisha unasema: twende, usibaki. Husemwa kwamba roho ni nzito kuondoka. Ikishtuka hubaki nyuma, na mwili hurudi nyumbani mtupu. Mimi niliipinga desturi hiyo miaka mingi kwenye darasa la Biblia. Casiana alikaa kiti cha mbele, akanisikiliza vizuri, kisha akaendelea kuita. Hata pale hospitali, kila tulipotoka kwenye matibabu, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Casiana, twende nyumbani. Usibaki."

Safari ya mwisho alitoka amefunikwa shuka. Hakuna aliyemwita.

Nililiwaza hilo nikiwa kwenye ujia wa wodi, na vitu vyake mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Jua lilikuwa limezama. Taa moja ilikuwa inapepesa. Mfagizi alikuwa anapiga deki karibu na lifti, na harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa kali hadi machozi yakanitoka. Nadhani ilikuwa ile dawa.

Mfagizi akainua kichwa. "Mzee, umesahau kitu?"

"Hapana."

"Mbona umesimama?"

Nilimwonea haya. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia, mzee wa kanisa. Nikamgeuzia mgongo, na nikayanong'ona yale maneno haraka haraka, kama mtu anayejifanya anakohoa.

"Twende nyumbani. Usibaki hapa."

Halafu nikaenda.

Nyuma yangu, kwenye sakafu iliyolowa, nikasikia...

Pwa. Pwa. Pwa.

Miguu mitupu.

Niligeuka. Mfagizi alikuwa palepale, anakamua dekio. Ujia ulikuwa mtupu. Niliukaza mfuko mkononi, nikawaza jambo ambalo hata sasa linanishangaza kwa utulivu wake: ni kweli, ndara zake ninazo mimi.

Nje, Dominador alikuwa ananisubiri na pikipiki yake yenye kiti cha pembeni. Yeye ni jirani yangu, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Mwalimu, kaa vizuri basi! Kiti chote chako, umejibanza ukingoni kama bibi harusi."

Nikajitazama. Kweli, nilikuwa nimejibanza. Nilikuwa nimeacha nafasi.

Kwenye kilima cha kanisa pikipiki ikaanza kukohoa. "Kwenye huo mfuko umebeba nini," akapiga kelele, "mawe?"

Ile harufu ya dawa ya sakafu tulikuwa nayo ndani ya kiti, ingawa upepo wa mashamba ya vitunguu saumu ulikuwa unanipiga usoni.

Nyumbani, mbwa wetu hakubweka. Aliinuka kwenye ngazi, akarudi kinyumenyume, akaingia chini ya nyumba, kati ya nguzo zinazoiinua.

Nilipika wali na bilinganya. Nikaweka sahani mbili, kwa mazoea, kama nilivyofanya kila jioni tangu mazishi. Nilikaa, nikafumba macho, nikasali. Nilipomaliza nikasikia, polepole, kwa adabu...

"Amina."

Nikafumbua macho. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti cha upande wa mlango kilikuwa kimevutwa.

Cha upande wa mlango.

Casiana alikaa dirishani maisha yake yote. Mlangoni pana upepo, na upepo ulimuumiza mabega. Hakuwahi kukaa pale hata siku moja.

Ilikuwa hivyo kila jioni. Kiti cha mlangoni. Sakafu yenye unyevu chini ya meza. Na ile Amina iliyokuja baada ya sala, mahali pake hasa, kama ya mtu aliye ugenini anayeogopa kukosea. Sikuwa na hofu niliyoitarajia. Nilikaa tu nikitazama wali wa ile sahani ya pili ukipoteza mvuke. Nilikuwa nimeomba kujua kama kuna kitu baada ya kifo. Kitu kilikuwepo. Lakini mimi nilikuwa nimeuliza habari za mtu.

Hatimaye nikamwambia Teofila, dada yake Casiana, anayeuza samaki sokoni. Alikuja saa za alasiri, akaweka samaki jikoni, akaketi palepale mezani. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku amekunja uso.

"Ulimwita kwa jina?"

"Sikutaja jina."

"Shemeji! Na elimu yako yote hiyo!" Alijipiga paja. "Hospitali, pale wanapokufa watu kila siku, wewe unasimama unasema twende nyumbani, basi? Hata kuku ukiwaita ovyo, wanakuja wa jirani!"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Naye akacheka, kisha akalia, kisha akapenga kamasi kwa kanga yake.

"Rudi kesho," akanong'ona. "Simama palepale. Mwite dada yangu kwa jina. Maskini, atakuwa bado amekaa pale anasubiri."

"Na nikimwita, asije?"

"Atakuja."

"Teofila. Asipokuja, nitakuwa nimejua nini? Kwamba yuko kwa Bwana? Au kwamba hayupo kabisa?"

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu.

"Huyu wa mlangoni," akasema mwishowe, bila kukitazama kile kiti, "una hakika si yeye?"

"Huyu husubiri nimalize sala."

"Kwani dada alikuwa hasubiri?"

Hapo ndipo nikamwambia. Nilimwigiza hasa, jinsi Casiana alivyofumbua jicho moja, jinsi alivyonikatiza, na maneno yenyewe, na kicheko chake kidogo mwishoni, na mkono unaokwenda kwenye kijiko. Teofila alicheka hadi akashika mbavu. "Mnafiki mkubwa! Na kanisani anavyoinama!" Nilimwigiza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ilikuwa raha kumsikia mtu akicheka katika nyumba ile.

Feni ilikuwa inazunguka. Chini ya nyumba, mbwa alianza kulia kwa sauti nyembamba.

Teofila akachukua kapu lake. Mlangoni alisimama, akasema jina lake mwenyewe, wazi kabisa. "Teofila, twende nyumbani. Usibaki hapa." Alinitazama kwa huruma, akashuka ngazi.

Hiyo ilikuwa juzi.

Jana sikwenda hospitali. Nilijiambia kwamba nimechoka, nayo ilikuwa kweli. Jua lilipozama nikawasha taa, nikapakua wali, nikaweka sahani mbili. Nikafumba macho.

Nilisali kwa urefu. Niliwaombea Teofila na Eliezer, nikamwombea hata Dominador na pikipiki yake. Nilikuwa nayavuta maneno kwa makusudi. Nilitaka kusikia kwamba hakuna kinachonikatiza, nijue kwamba aliye mezani ni mgeni, ili asubuhi niende nikamwite mke wangu kwa jina lake.

Kiti kikavutwa.

Si cha mlangoni. Cha dirishani.

Nikaendelea kusali. Nikawataja wagonjwa wa wodi ile, wote, ninaowajua na nisiowajua...

"Amina. Wali unapoa."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na kile kicheko kidogo mwishoni. Nami nikakumbuka kwamba juzi, nilipomwigiza mbele ya kile kiti cha mlangoni, nilikiigiza hata kile kicheko.

Kijiko kikagusa sahani.

Sikufumbua macho. Nikaanza sala upya, tangu mwanzo.