Kigololi cha Kabureta

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akabugia chakula chake upesi upesi, akakimbilia uani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Huko uani ndiko lilikokuwa gari la Shangazi, gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa halijanguruma kwa miaka tisa. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma!

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Ufundi wa magari hakuujua, ila alikuwa na kitabu cha gari lile, na hamu kubwa ya kuwapelekea nguo wateja wake wa mlimani. Lakini kaka yake, yaani baba yake Chiriku, alikuwa amechoka kuutazama mkweche ule. "Jumamosi asubuhi lipande kile kilima," alisema. "Lisipopanda, namwita mtu wa vyuma chakavu. Sitaki maneno!"

Basi wakaanza na kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Shangazi alitandika kitambaa cheusi, na kila kipande alichofungua akakichorea umbo lake kwa chaki ya kushonea. "Tukikumbuka tulivyofumua, tutashona!" alisema, wakacheka.

Jumanne, Shangazi alipokwenda kunawa, Chiriku aliipindua kabureta ili achungulie ndani. Tik! Kigololi cha chuma, kidogo kama punje ya mtama, kikadondoka na kupotelea mchangani. Alitafuta mpaka magoti yakamuuma. Wapi! "Kitu chenyewe hata hakijachorwa," alijiambia. "Kina kazi gani?" Akauchuna.

Jumatano injini ikawaka. Loo, furaha iliyoje! Chiriku aliruka huku na huku, na Shangazi akapiga vigelegele, spana mkononi. Lakini alipokanyaga mafuta, gari likakohoa, likazima. Akawasha tena, likakohoa, likazima. Akabadilisha plagi. Akasafisha tangi. Akafungua bomba la petroli na kulifunga upya. Mpaka Ijumaa jioni hali ilikuwa ile ile.

Shangazi akaketi juu ya tairi, amechoka hoi. "Ni mimi tu," alisema. "Fundi wa vitambaa nimejitia fundi wa injini. Mwambie baba yako amwite huyo mtu wake."

Maneno yale yalimchoma Chiriku. Machozi yakamlengalenga. "Si wewe, Shangazi. Ni mimi," alisema, akaeleza yote.

Shangazi alimkodolea macho. "Tangu Jumanne? Na mimi hapa nahangaika kama mwendawazimu?" Alikasirika kweli kweli. Kisha akapekua kitabu mbio mbio, kidole kikasimama juu ya mchoro. "Hiki hapa! Kinazuia petroli isirudi nyuma unapokanyaga mafuta. Inuka, twende!"

Wakakimbia hadi kwa jirani yao, fundi baiskeli. Mzee yule akamwaga kopo zima la gololi mezani, wakazijaribu moja moja hadi wakapata iliyoingia sawasawa. "Chukueni," alisema, "ila likishapanda kilima, lifti ya kwanza ni yangu."

Jumamosi asubuhi Shangazi akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likang'oka! Likapanda kilima huku changarawe zikiruka na Chiriku akipiga kelele dirishani. Chini, baba alipiga makofi. "Libaki!" alipaza sauti. "Nimeshindwa mimi!"

Walipofika juu, Shangazi alizima injini. "Sikiliza, mwanangu. Kuangusha kigololi si kitu. Mimi na wewe sote tunajifunza. Ubaya ni kunyamaza. Siku tatu nimetafuta ubovu mahali usipokuwapo, na nusura gari liende kwenye vyuma chakavu. Ukiharibu kitu, sema papo hapo, hata kama utagombezwa."

Chiriku akamgeukia. "Basi, Shangazi... ule mkasi wako wa vitambaa. Leo asubuhi nimekatia bomba la mpira."

"Mkasi wangu!" Shangazi akashika kichwa. Akamtazama, akavuta pumzi ndefu, kisha kicheko kikamtoka. "Haya, umesema. Utaunoa mwenyewe, mpaka ukate hariri."