Mtoaji wa Vipande

Neno la kwanza kupotea lilikuwa kijiko.

Binti alikuwa mezani, miguu inaning'inia, bakuli la supu mbele yake. "Baba, nipe ile..." Akachezesha vidole hewani. "Ile ya kulia."

"Kijiko?"

Mtoto akamkodolea macho kama mtu aliyesemeshwa lugha ya kigeni.

Baba yake, mpiga picha za harusi, akacheka. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, na kukosa neno moja ilikuwa kama mapumziko ya matangazo. Ndivyo tulivyo sisi akina baba: nyumba ikinyamaza, tunadhani ni amani.

Mama yake Redio alifariki mwaka uliopita. Enzi za uhai wake alisoma hadithi za watoto kwa sauti, akazirekodi, akaziachia bure kwenye mtandao wa kugawana, ule ambao faili halikai mahali pamoja, bali kila anayelichukua huwagawia wengine vipande vyake. Kompyuta yake ilipoungua, sauti yake ilibaki imetawanyika kwenye mashine za watu wasiojuana. Mumewe alizikusanya hadithi zote isipokuwa ya mwisho, aliyoisoma kitandani pumzi zikimkatika. Hiyo ilishuka karibu yote, kisha ikagoma. Vipande vilivyobaki hakuna aliyekuwa navyo.

"Tatizo ni ruta yako, hicho kisanduku cha intaneti," alisema kaka wa marehemu, fundi wa kompyuta. "Imefunga milango yote. Wewe unaenda kubisha kwa wenzako, wao wakija kwako wanakuta ukuta. Kama unavyopokea wakwe."

"Wakwe wenyewe si ndio nyinyi?"

"Ndiyo maana nasema kwa uchungu, shemeji."

Akaingia kwenye mipangilio, akaipa kompyuta anwani isiyobadilika, akafungua mlango mmoja kwa ajili ya programu ya kugawana tu. "Hapa nimeweka mpaka wa kutoa, wa vitu ambavyo wengine wanaweza kuvichukua kwako. Usiuguse."

Vumbi la pikipiki yake halijatua, mpiga picha ameshaugusa. Katika mtandao ule anayetoa sana ndiye anayepewa haraka, na mkono mtupu haulambwi. Akauondoa mpaka. Akairuhusu kompyuta itoe chochote, kwa yeyote, bila kipimo.

Jioni hiyo akatokea mtoaji mmoja. Wengine wote walionyeshwa kwa bendera za nchi zao. Yeye alikuwa na mraba mweusi. Kipande kikaingia. Chumba kikanuka vumbi lililoungua, na chini ya vumbi, mafuta ya nywele ya marehemu. Mume akavaa visikizi masikioni. Sauti ya mkewe ikaendelea pale ilipokuwa ikikatika: sentensi moja zaidi, kikohozi kidogo, kisha, "Samahani, wanangu." Akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mamaye.

Asubuhi yake ndipo kilipopotea kijiko. Baadaye kikafuata kiatu, kisha dirisha, kisha mvua, na mvua yenyewe inanyesha.

Alikuja kuelewa alasiri moja, Redio akiwa sebuleni anamsimulia mdoli wake habari za paka, maana alimsikia akisema "pa..." na kunyamaza, na papo hapo kwenye skrini mstari wa kutoa ukapanda, na ndani ya visikizi, nyuma ya sauti ya mkewe iliyokuwa ikisoma taratibu, kukawa na sauti nyingine ndogo, ya binti yake, ikinong'ona kijiko, kiatu, dirisha, mvua, na sasa paka, bila kupumzika, kama mtu anayehesabu mali aliyoipata bila jasho.

Akampigia shemeji yake. "Njoo."

"Mbona unanong'ona?"

"Njoo tu."

Fundi alifika na utani mdomoni. Alipoiona skrini akaumeza. "Huyu hayuko nje," alisema polepole. "Anwani yake ni ya humu ndani." Akaufunga mlango wa ruta. Vipande vikaendelea kuingia. Akang'oa waya wa umeme, na taa za ruta zikaendelea kupepesa.

"Shemeji, huyu ni jini. Waya haumhusu. Amekuja kwa sababu ya hili faili, na maadamu unalitaka hatoki. Lifute."

"Kimebaki kipande kimoja."

"Alikuwa dada yangu. Unadhani mimi sitaki kumsikia akimaliza? Futa!"

Mume akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Ndipo sauti ya mkewe ikaiacha hadithi katikati, ikasema sikioni, laini, kama alivyokuwa akimwamsha: "Kimoja tu, mume wangu. Usinikatishe."

Kidole kikaganda. Redio alikuwa amesimama kizingitini, amemkumbatia mdoli, midomo imebana. "Mmm..." alisema. "Mmm..." Machozi yalimtiririka bila yeye kujua analilia nini.

Baba akafuta.

Harufu ikaondoka. Taa zikazimika. Fundi akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa mikono yake yenye grisi.

Maneno yalirudi kwa kufundishwa. Kijiko kilirudi kwa kicheko, paka kwa kukwaruzwa na paka wa jirani, na mtaa ukaanza kulalamika kwamba Redio amewashwa tena. Neno moja tu lilikataa.

Kisha fundi akaja bila utani. "Kwenye ule mtandao kuna faili jipya. Dogo sana. Sauti ya mtoto, neno moja. Mtoaji ni mmoja."

"Anataka nini?"

"Hajasema. Kwani mara ya kwanza alisema?"

Mpiga picha akaweka kikombe cha chai chini. Kisha akainuka, akaitoa picha ya mkewe ukutani, akampakata binti yake.

"Huyu ni mama. Sema, mama."

"Mama," alitamka Redio, taratibu, kama msafiri anayesoma kibao cha stesheni asiyoshukia. Akaitazama ile picha kwa muda, kisha akamrudishia baba yake kwa mikono miwili, kwa adabu, kama kitu cha wenyewe.

"Nzuri," alisema. "Ni ya nani?"