Kiondo cha Stesheni

Haya alinisimulia Wayua mwenyewe, Mama Mutindi, rafiki yangu wa Kibwezi, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi. Mumewe, Kyule, alikuwa akipeleka mbuzi kula majani kila jioni kwenye stesheni ya zamani, ile iliyoachwa reli mpya ilipojengwa. Alirudi akitabasamu peke yake, nyuzi za mkonge zimenata kwenye shati. Wayua akajua kuna mwanamke, tena anayesuka viondo, vikapu vya mkonge, kama yeye. Wivu ukamnyima usingizi.

Siku moja akamtangulia. Zamani wanawake walikuwa wakisubiri hapo waume zao waliofanya kazi Mombasa, wakisuka mpaka treni ifike. Sasa chumba cha kusubiria kilikuwa giza tupu, madirisha yamezibwa kwa mabati. Ndani akasikia kiganja kikisokota uzi juu ya paja, shwaa, shwaa, taratibu. Alipoingia, sauti ikakatika. Akapapasa benchi. Hapakuwa na mtu, ila kiondo kilichofika nusu, na uzi wake bado ulikuwa na unyevu.

Akakibeba hadi nyumbani, akakaa nacho mlangoni akimngoja Kyule aje amweleze ni cha hawara gani.

Kyule alipofika na mbuzi, akamwona, akasimama.

"Mama Mutindi, umenipitia wapi?" akauliza polepole. "Nimekuacha stesheni sasa hivi, umekaa kwa benchi, unalia kwamba kuna mtu amekuibia kiondo."