Rubani wa Ndege Namba Kumi na Mbili

Jina lilikataa kukaa. Jioni Derick alilipaka ubavuni mwa ndege ya mchezo wa kompyuta, chini ya kioo cha rubani: KAPTENI MAZENGO. Asubuhi akiwasha kompyuta analikuta limekwanguka, kama mtu kalikwaruza kwa kucha.

"Shikamoo, mama. Kuna mtu anagusa mashine hii nikiondoka?"

"Marahaba. Nani aiguse, na funguo ninazo mimi?" Kristina akapita na ndoo yake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kompyuta za mitumba zikiingia kutoka Dubai kama mashati. Mumewe Kristina, Mazengo, mwanajeshi mstaafu, alinunua tatu, akaziweka chumba cha mbele cha nyumba yao pale Singida mjini, akamwajiri Derick afundishe watu kuchapa. Lakini Derick alinogewa na mchezo wa kurusha ndege za vita. Alizipaka rangi na namba za ndege zilizopigana kweli, na kwa kila namba alitaka kujua nani hasa aliirusha.

"Kumi na mbili ilikuwa yangu," Mazengo alimwambia. "Vita ya Kagera. Nililipua daraja, nikarudi mkia unawaka moto."

Maneno hayo Kristina aliyajua tangu usichana. Mazengo alikuja nayo Nduguti, kijijini kwao Kristina, alipolisindikiza jeneza la Kefa, kaka yake Kristina, rubani mwenzake. Alisema marehemu alianguka mazoezini, vita hata hajaiona. Jeneza halikufunguliwa. Baba yao alikufa akiwakwepa wenzake kwa aibu. Mwaka uliofuata Mazengo akarudi kuposa.

Alhamisi moja mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Hata upepo wa Singida, usiojua kupumzika, ulikuwa umetulia. Kristina alikuwa uani akichambua mlenda aliposikia injini. Alidhani ni lori. Kisha bati likaanza kutetemeka, harufu ya mafuta ya taa ikafika mpaka uani, na nyuma yake harufu nyingine, ya nywele zilizoungua, na alipokimbilia chumba cha mbele alimkuta Derick kajibana ukutani mikono kichwani, kompyuta zote zimezimika, vioo vyeusi tii, na bado injini inanguruma ndani yake, na juu ya kioo cha katikati herufi zinajichora polepole, moja baada ya nyingine, kama pumzi ya mtu juu ya bilauri: K, E, F, A.

"Mama," Derick alinong'ona, "Kefa ni nani?"

Mazengo alikuwa kitini pembeni, mate yanamchuruzika. Yeye Mgogo, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakujifunza Kinyiramba zaidi ya salamu, akafungua kinywa na kusema Kinyiramba safi cha Nduguti, kwa sauti ya kijana.

"Dada, ninaungua."

Jumamosi Derick alimleta Mzee Mselemu, mganga kutoka Mgori. Tangu Alhamisi Mazengo alikuwa hajala wala kupepesa macho. Mganga alifukiza ubani, akamnusa mgonjwa kichwani, akarudi nyuma.

"Hili si jini. Huyu ni mzimu wa mtu, ana kwao," alisema kwa sauti ya chini. "Muulize wewe, mama. Lugha yake unaijua."

Kristina akauliza. Sauti ikajibu.

"Asubuhi ile ilikuwa zamu ya mumeo. Akajifungia chooni, akasema tumbo. Nikapanda mimi. Daraja nililipua mimi, na mkia uliwaka nami nimo ndani. Jina lililoandikwa ubavuni lilikuwa lake. Akaliacha liseme badala yangu."

Hasira ilimpanda Kristina kutoka nyayoni. Akilini alimwona baba yake akizunguka njia ya nyuma asikutane na wazee wenziwe. Na huyu hapa, aliyempikia, aliyemzalia!

"Wewe ni damu yake," Mselemu alimhimiza. "Mwambie aende, ataenda. Ukichelewa, mumeo atakwisha."

Macho ya Mazengo, hayo tu yaliyobaki kuwa yake, yalimtazama yakiomba.

"Kaa, kaka," Kristina alisema. "Kaa humo mpaka aseme mwenyewe mbele ya watu."

"Mama! Mfu haambiwi neno hilo!" Mselemu alimaka.

"Nimeshamwambia."

Jumapili walimshika Mazengo makwapani, wakamsimamisha nje ya kanisa watu walipokuwa wanatoka. Akasema yote, kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe, akilia. Watu waliguna. Mzee mmoja alitema mate chini, akaondoka bila kuaga. Derick alirudi mbio akaandika KEFA ubavuni mwa kumi na mbili, na jina likakaa.

Nyumbani Kristina alisimama mbele ya mumewe.

"Imetosha, kaka. Nenda ukapumzike."

Walisubiri. Mselemu aliongeza ubani, akaongeza tena. Mazengo aliinua uso taratibu, akatabasamu tabasamu la kijana, na ile harufu ya nywele ikajaa chumba mpaka Derick akakimbilia nje.

"Niende wapi, dada?" sauti iliuliza kwa Kinyiramba. "Si umeniambia nikae?"